Kula Chumvi Nyingi Si Ugonjwa

Julai 2021 alifariki mzee mmoja wa ploti yetu hapa Umoja, Nairobi. Alikohoa siku tisa, pumzi zikawa zinamkatika, wanawe wakazunguka hospitali mbili wakitafuta kitanda chenye oksijeni, wakakosa, wakamrudisha nyumbani. Hakupimwa Korona. Matangani kila aliyesimama kusema alirudia neno lile lile: mzee amekula chumvi nyingi, tumshukuru Mungu. Nikashukuru pamoja nao.

Leo neno hilo linanichoma. Nalitamka kwa heshima kama tulivyofunzwa, lakini nimeona kazi linayofanya. Linafunga mjadala. Ukishasema mtu amekula chumvi, huulizi tena kitanda kilikosekana kwa nini.

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu. Yuko Marekani miaka mingi, na kama Wakenya wengi walioko huko, anahudumia wazee: anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Mwaka 2020 alikuwa akifanya kazi katika makao mawili ya wazee, kwa sababu mshahara wa mahali pamoja haukutosha kodi ya nyumba na zile pesa za karo alizotutumia kila muhula. Barakoa alipewa moja ya kuvaa wiki nzima. Jioni alikuwa akinipigia akiwa bado ndani ya gari, hajataka kuingia nyumbani kwake.

"Mwanangu, leo tena wawili," angesema. Kisha kimya.

Baadaye madaktari walieleza jambo ambalo hadi leo linamnyima usingizi. Virusi vya Korona viliingia makao mengi kupitia wafanyakazi wasio na dalili yoyote, hasa wale waliohama kutoka makao moja hadi mengine kutafuta riziki. Aliniuliza kama huenda ni yeye aliyempelekea ugonjwa bibi wa chumba cha mwisho, yule aliyependa kusukwa nywele. Sikuwa na jibu. Ila najua kwamba aliyepanga mishahara ile na kugawa barakoa zile hakuwa yeye.

Hapo ndipo nilipo. Wazee wale hawakuuawa na umri peke yake. Umri uliwadhoofisha, ni kweli, na kulala wawili au wanne chumba kimoja kuliurahisishia ugonjwa kazi. Lakini wengi walikufa kwa maamuzi ya watu wenye ofisi na saini.

Tarehe 27 Machi 2020, siku ambayo kafyu ilianza hapa kwetu na tukawa tunakimbizana na saa moja ya jioni, wakubwa wa makao ya wanajeshi wastaafu huko Holyoke, jimbo la Massachusetts, waliona wafanyakazi hawatoshi. Wakaamua kuunganisha wodi mbili za wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Walioambukizwa na wasioambukizwa wakabanwa pamoja. Hadi mlipuko ulipotulia katika makao yale, zaidi ya wazee 70 walikuwa wamefariki. Hawa ni watu waliopigana vita vya nchi yao.

Uingereza nayo ilitaka kupata nafasi hospitalini. Kati ya katikati ya Machi na katikati ya Aprili 2020, wagonjwa wapatao 25,000 waliruhusiwa kutoka hospitali wakapelekwa makao ya wazee, wengi wao bila kupimwa. Ilichukua hadi Aprili 2022 Mahakama Kuu kusema kwamba sera hiyo ilikiuka sheria, na kesi ilifunguliwa na mabinti wawili waliofiwa na baba zao. Tena hesabu ya vifo iliyotangazwa kila siku haikuwajumuisha waliofia kwenye makao hadi tarehe 29 Aprili 2020. Kwa wiki kadhaa walikufa, na kwenye tangazo la jioni hawakuwamo.

Na Madrid. Wazee 7,291 walifia katika makao Machi na Aprili mwaka huo bila kufikishwa hospitali. Kulikuwa na mwongozo wa serikali ya jimbo ulioeleza nani asipelekwe. Asiyeweza kutembea au aliyepoteza kumbukumbu alikuwa wa kwanza kuachwa. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka nyanya yangu, ambaye miaka yake mitatu ya mwisho hakutembea, na bado alijua nani katika ukoo amekosana na nani.

Sasa sisi. Kwenye vikundi vya WhatsApp habari hizi zilipokuja, jibu la wengi lilikuwa kwamba Wazungu hutupa wazazi wao, sisi hatuna tabia hiyo. Inaniuma kusoma hivyo. Kwanza waliowashika mikono wazee wale dakika za mwisho walikuwa dada na shangazi zetu. Pili, si kweli tena. Nyumba ya Wazee ya masista kule Kasarani ipo miaka mingi, makao ya Mji wa Huruma ya kaunti yapo, na makao ya kulipia yanazidi kufunguliwa pembezoni mwa jiji, kwa sababu sisi tunatoka asubuhi na mapema na kurudi usiku, na mama mwenye ugonjwa wa kusahau hawezi kuachiwa jiko la gesi. Sioni aibu kwa anayempeleka mzazi wake huko. Naona hatari tukimpeleka tusiulize lolote.

Katiba yetu, Kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa serikali. Serikali imetajwa pale kwa jina. Basi nataka ikague makao haya yote, wafanyakazi walipwe kiasi cha kutolazimika kuhangaika na kazi mbili, na kila kifo kinachotokea humo kiandikwe sababu yake, si "uzee".

Mwezi uliopita nilimsindikiza jirani yangu kumwona mama yake katika makao fulani nje kidogo ya jiji. Pasafi, bustani nzuri, mama amenawiri. Wakati wa kuondoka nilimuuliza msimamizi usiku wanabaki wahudumu wangapi.

"Mmoja," akasema, kwa upole kabisa. Wazee walikuwa 23.

Jirani yangu alirudi ndani, akakaa tena kitandani kwa mama yake. Jumapili hii tunakwenda tena, na tumewapigia simu watoto wa wale wengine.