Msizime maonyo, someni programu inasema nini

Kila mtu anapolalamika kwamba programu ya hesabu imegoma kumtafutia kilele cha fanksheni, yaani mahali thamani yake ni kubwa kuliko zote, hakosi wa kumwambia: "Zima maonyo, kisha endesha tena." Ushauri huu unaniudhi kweli. Anayeutoa huenda ana nia njema, lakini anamnyang'anya mwenzake maelezo ambayo angeyahitaji kuliko kitu kingine chochote.

Tuseme fanksheni ina logi ya sigma, kigezo ambacho lazima kiwe juu ya sifuri. Algoridhimu inapapasa huku na kule, inajaribu sigma hasi, logi inakosa jibu, na skrini inajaa NaN, yaani "si namba". Onyo hilo halisemi programu ni mbovu. Linasema hakuna aliyeiambia kwamba sigma haishuki chini ya sifuri. Basi iambie: weka mpaka, au andika sigma kama exp(t), ambayo daima ni chanya, halafu utafute t. Onyo litakoma kwa sababu chanzo chake kimekwisha. Ukilizima tu, chanzo kinabaki palepale na jibu utakalopewa huna namna ya kujua limetoka wapi.

Lakini linalonitia hofu zaidi ni pale programu isipolalamika kabisa.

Chukua x·sin(x), x ikiwa kati ya 0 na 20. Ipe optimize, amri ya kutafuta kilele au bonde katika lugha ya takwimu ya R, ukiweka maximum=TRUE ili itafute kilele. Jibu linarudi papo hapo: x ni karibu 7.98, thamani ni karibu 7.92. Hakuna onyo hata moja, na jibu si sahihi. Kuna kilele kingine karibu na 14.21 chenye thamani ya 14.17, na hata hicho kinazidiwa: kwenye 20 yenyewe, ukingoni kabisa, thamani ni 18.26 na grafu bado inapanda.

Imekuwaje? Algoridhimu hii hupima kwanza kwenye 7.64, kisha kwenye 12.36. Hapo pa pili inakuta thamani hasi, kwa hiyo inakata kipande chote cha kulia na kukiacha moja kwa moja. Kuanzia hapo 14.21 na 20 hazimo tena katika hesabu. fminbnd, amri ya kutafuta bonde katika programu ya MATLAB, ukiipa fanksheni hiyohiyo ikiwa na alama ya hasi mbele, nayo hutumia mbinu ya aina hiyohiyo. Programu haijakosea. Imefanya kazi kama ilivyoandikwa, kwa kudhani kwamba grafu ina kilele kimoja tu. Kuhakikisha kwamba ndivyo ilivyo ni kazi ya mtumiaji, na hakuna mpangilio wowote wa programu unaoweza kumfanyia.

Ndiyo maana nasisitiza: chora grafu kabla ya kutafuta kilele. Inachukua mstari mmoja wa msimbo. Hesabu vilele kwa macho, kisha pima thamani kwenye kingo zote mbili, kwa sababu kwenye ukingo mwinuko (ukali wa kupanda au kushuka kwa grafu) si lazima uwe sifuri na anayetafuta sifuri ya mwinuko pekee atapapita. Kama vigezo ni vingi na grafu haichoreki, anza kutoka nukta nyingi zilizotawanyika, ulinganishe majibu. Yakitofautiana, umeshajua kwamba vilele ni zaidi ya kimoja.

Ushauri wa pili unaonikera ni ule wa "ongeza idadi ya marudio." Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mara nyingine unasaidia: optim ya R, ikitumia Nelder-Mead (mbinu ya kutafuta bonde kwa kulinganisha thamani tu), husimama baada ya marudio 500 usipoiambia vingine, na kuna kazi zinazohitaji zaidi ya hapo. Lakini mwambie mtu anayetafuta kilele cha x³ bila mipaka aongeze marudio, na atapata namba kubwa zaidi kila akijaribu. Kilele hakipo. Programu ilijitahidi kumwambia hivyo iliposema imefika kikomo bila kutulia. Na Nelder-Mead yenyewe, ya mwaka 1965 na inayopendwa mpaka leo, isiaminiwe kupita kiasi: mwaka 1998 mwanahisabati McKinnon alionyesha mfano wa fanksheni laini yenye bonde moja tu ambapo algoridhimu hiyo inakwama mahali ambapo si chini kabisa.

Alama ya hasi nayo inawaponza wengi. optim, fminsearch ya MATLAB na minimize ya SciPy (maktaba ya Python), usipoziambia vingine, zote hutafuta bonde, si kilele, kwa hiyo ukigeuza alama mwanzoni uirudishe mwishoni.

Programu ya Mathematica ikilalamika kwamba thamani si namba halisi, mara nyingi imeipa fanksheni yako herufi x badala ya namba. Bana hoja kwa ?NumericQ, yaani andika f[x_?NumericQ], ili fanksheni ikubali namba tu.

Wanaodai tarakimu 12 sahihi za mahali kilele kilipo, halafu programu ikasema usahihi umepotea, waelewe kwamba karibu na kilele laini grafu huwa bapa. Kompyuta ikikokotoa kwa tarakimu 16 hivi, thamani ya kilele utaipata vizuri, lakini x yake kwa kulinganisha thamani pekee ni tarakimu 8 hivi tu. Ukitaka zaidi, tafuta sifuri ya mwinuko, au ongeza tarakimu za ukokotoaji.

Na mkiomba msaada, nakilini ujumbe wote neno kwa neno, pamoja na fanksheni, mipaka na nukta ya kuanzia. Picha iliyokatwa yenye maneno "haifanyi kazi" haimwezeshi mtu yeyote kuwasaidia, hata awe na moyo wa kusaidia kiasi gani.