Familia au Kazi? Swali Lililokuja na Reli

Hapa Magharibi mwa Kenya huwezi kumaliza mwezi bila kuambiwa kwamba mahusiano mazuri yanashinda pesa. Utayasikia kwa mhubiri kwenye matanga, kwa mshauri wa ndoa redioni, hata kwa shemeji ambaye wiki jana alikuwa akikudai mchango wa karo. Na wanaosema hivyo siku hizi wana ushahidi. Tangu mwaka 1938 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wamekuwa wakifuatilia maisha ya wanaume 724: 268 walikuwa wanafunzi wa chuo hicho, na 456 walitoka mitaa ya walalahoi mjini Boston. Kinachonukuliwa zaidi ni kwamba walioridhika na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema walipofika 80, na kwamba jambo hilo lilitabiri afya ya uzeeni vizuri kuliko kiwango cha kolesteroli.

Sina ugomvi na matokeo hayo, ingawa wote 724 walikuwa wanaume, Wazungu, wa Marekani. Ugomvi wangu ni na jinsi tunavyoyaleta huku, kana kwamba mtu wa Vihiga amesimama njia panda, familia kulia, kazi kushoto, achague. Kwetu uchaguzi huo ulifanywa zamani na watu wengine. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na karibu wakati huohuo serikali ya kikoloni ikaanza kutoza kodi kwa kila nyumba. Kodi ilitaka fedha taslimu, fedha taslimu haikuwa kijijini, basi mwanamume akaenda kuitafuta: kwenye reli yenyewe, kwenye mashamba ya walowezi Nakuru, baadaye kwenye majani chai ya Kericho na viwanda vya Nairobi. Mke akabaki na shamba. Kodi iliyotozwa nyumba ndiyo iliyomtoa nyumbani mwenye nyumba.

Kodi hiyo ilikwisha, mpangilio ukabaki. Sensa ya 2019 ilikuta Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba. Shamba ambalo babu aligawia wana watatu, na kila mmoja akagawia wake, sasa halitoshi hata kuzungushia ng'ombe kamba. Kijana anaondoka kwa sababu haoni njia nyingine, na kwa wengi wetu kupenda familia kumekuwa ni kuiondokea. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo lake lilihimiza tu watu watume pesa nyumbani, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa zaidi.

Kwa hiyo anayesema kazi ndiyo inayobomoa familia inafaa apite Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilizalisha karatasi pale tangu katikati ya miaka ya 1970. Wakazi walilalamikia harufu, walilalamikia mabati yaliyoliwa na kutu kabla ya wakati, na walikuwa na haki. Lakini ulikuwa mmoja wa miji michache ya Magharibi ambako mtu angeweza kupata mshahara wa mwezi na bado jioni akala ugali na watoto wake. Mapema 2009 kiwanda kikafungwa. Kilikuja kuuzwa kwa mwekezaji 2016, lakini katika miaka hiyo ya katikati ploti zilibaki bila wapangaji, mama mboga wakakosa wateja, na wanaume wakatawanyika Eldoret, Nairobi na kwingineko. Kufungwa kwa kazi hakukuwarudishia watoto baba zao. Kuliwachukua waliokuwa bado nyumbani.

Na hata asiyeondoka hakupata nafuu ambayo methali zetu za mapumziko zinaahidi. Miaka ya mwanzo ya 1930 watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichunguza kijiji cha Marienthal nchini Austria, ambako kiwanda cha nguo kilichokuwa kikilisha karibu kila nyumba kilifungwa. Mtu angetarajia watu wenye muda wote duniani wasome zaidi, wakae na watoto zaidi. Uazimaji wa vitabu maktabani ulishuka. Wanaume walitembea polepole, wakasimama barabarani bila shughuli, na wengi wakaacha kubeba saa. Wanawake wao walitembea kwa haraka kuwapita, kwa sababu jiko halikufungwa na kiwanda. Nikipita kwenye steji za bodaboda saa nne asubuhi naona vijana ambao Jahoda angewatambua mara moja.

Hapo upande wa kazi umejitetea vya kutosha. Sasa tuangalie upande wa pili, na hapa sihitaji kwenda Austria.

Upande wa Luanda, Vihiga, kuna mzee mmoja, jirani, aliyefanya kazi Mombasa karibu maisha yake yote na kustaafu akiwa na miaka 60 kama sheria ya utumishi wa umma inavyotaka. Alijenga nyumba nzuri, akasomesha wote. Alipofika na masanduku yake, hakujua sukari inawekwa kabati gani. Wajukuu waliokuwa wakipiga kelele sebuleni walinyamaza alipoingia, si kwa heshima bali kwa kuwa hawakumzoea. Kiti kikubwa ni chake, na hakuna anayekikalia. Lakini ndama yupi auzwe, mwalimu yupi aonwe, nani aazimwe jembe, hayo yote yanaamuliwa jikoni kama yalivyoamuliwa miaka yote. Mke wake ni mweka hazina wa chama, yuko kwenye kamati ya kanisa, na simu yake hulia kutwa. Mzee akaanza kugombana kuhusu stima inayoachwa ikiwaka. Watu wakasema amekuwa mkali uzeeni. Mimi naona mtu aliyerudi kwenye boma alilolilipia kila mwezi akakuta nafasi yake imeshajazwa, na stima ndiyo kitu pekee ambacho bado anaruhusiwa kusimamia.

Utafiti wa Harvard una la kusema kwa mzee huyu, na ni kali: mahusiano aliyokuwa nayo akiwa na miaka 50 ndiyo aliyobaki nayo. Wengi wa kizazi chake waliishi wakiamini kwamba kutokuwepo ni mkopo, kwamba unachukua miaka thelathini mjini, kisha unailipa yote kwa mkupuo siku ya kustaafu. Mtoto wa miaka saba hangoji malipo hayo. Anakua, anaoa, naye anapanda basi kwenda Nairobi.

Kuna watakaosema namwonea huruma mwanamume na kumsahau aliyebaki. Ni kweli kwamba habari ya mkewe haifanani. Uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Takwimu la Taifa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya hutumia zaidi ya saa nne kwa siku kwa kazi za nyumbani na ulezi ambazo hazilipwi. Mwanamume, hata saa moja haitimii. Saa hizo zimemchosha mke, lakini pia zimemjengea mtandao ambao mumewe hana: akiugua usiku anajua wa kumpigia. Mahusiano yanayosifiwa sana na watafiti kuwa dawa ya uzee yalijengwa kwa jasho lisilo na hati ya malipo, na anayesema mahusiano yanashinda kazi husahau kwamba kwa mwanamke wa kijijini mahusiano yenyewe ni kazi.

Hilo linaonekana zaidi kwa akina nyanya. Uchambuzi wa takwimu za wazee zaidi ya 500 wa Berlin, waliofuatiliwa tangu 1990, ulikuta kwamba babu na nyanya waliosaidia kuwaangalia wajukuu mara kwa mara waliishi muda mrefu kuliko wasiofanya hivyo. Habari hiyo ilienea kwa furaha. Ilichopoteza njiani ni kwamba waliokuwa wakiwalea wajukuu moja kwa moja, kama wazazi, hawakuhesabiwa humo. Na hao ndio nyanya wa kwetu: anayeamshwa saa kumi na moja kuwasha moto ili watatu waende shule, mmoja wao akiwa na pumu, huku mama yao akiwa kwenye mashamba ya maua Naivasha. Akifika miaka 70, na akibahatika kusajiliwa, mpango wa serikali wa Inua Jamii utampa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu na baba wiki mbili. Ni sheria nzuri, kwa aliyeandikwa kazi. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini ziko kwenye sekta isiyo rasmi, jua kali na vibarua, ambako hakuna barua ya kuomba likizo wala wa kuipokea. Kijana wa bodaboda Kisumu analala nyumbani kila siku, kweli, lakini hawezi kurudi kabla hajatimiza hesabu ya mwenye pikipiki. Saa anayorudi inaamuliwa na abiria. Umbali si wa kilomita pekee.

Nikilazimishwa kuamua, nitasema wahubiri wa mahusiano wako sahihi kuhusu uzeeni na watetezi wa kazi wako sahihi kuhusu miaka ya karo, na wote wawili wanakosea wanapozungumza kana kwamba mtu huishi umri mmoja tu. Kipindi chenye uzito ni kile cha katikati, miaka 30 hadi 50, ambapo madeni na watoto huja pamoja. Kipindi hicho ndicho kingenufaika zaidi kama kazi ingekuwa karibu, hata yenye mshahara mdogo.

Piga hesabu, ya kubuni lakini si ya uongo. Mlinzi analipwa 18,000 Nairobi. Chumba 4,000, chakula na nauli 6,000, na ukiweka safari ya Desemba nauli zinapopanda, anabaki na kama 7,000 za kutuma. Mpe kazi ya 10,000 Luanda mjini, alale kwake, na familia imepata zaidi, pamoja na baba.

Kwenye karatasi imeisha. Lakini nimemweleza kijana mmoja hesabu hii akacheka. Akasema Nairobi binamu akipiga simu anaweza kumwambia mshahara umechelewa. Luanda, binamu ndiye atakayekuwa amesimama langoni siku ya mshahara, na shangazi nyuma yake, na hao pia ni familia.