"Sikumuoa" si jibu

Mapenzi yakiwa moto, humsikii mwanaume akisema hajaoa. Kwa mwenye nyumba anamtambulisha "mke wangu", msibani kwa kina mama watoto anaitwa mkwe na anaitika. Siku wakigombana ndipo utasikia: "Huyu sikumuoa. Mahari sijatoa, cheti hakuna. Achukue nguo zake arudi kwao."

Kinachoniuma ni kwamba wanawake wengi wanaondoka kweli, kwa kuamini hiyo ndiyo sheria. Siyo. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hapa Tanzania kinasema ikithibitika kwamba mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii inawajua kama mume na mke, mahakama itachukulia kuwa walioana. Wanasheria wanaiita dhana ya ndoa. Mtaani tunasema sogea tukae. Bwana anaweza kuipinga, mathalani kwa kuonyesha kuwa ana ndoa ya Kikristo na mwanamke mwingine. Lakini hata akishinda hoja hiyo, kifungu hicho hicho kinampa mwanamke aliyeishi naye kinyumba haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa nafuu nyingine kama inavyofanya ndoa halali inapovunjika. Kipengele hiki ndicho ningependa kibandikwe ukutani kwenye kila ofisi ya kata.

Na usidanganywe kwamba hukuchangia kwa sababu hukuwa na mshahara. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa pamoja. Kenya nako, Januari 2023, Mahakama ya Juu ilisema dhana ya ndoa itumike kwa nadra sana, ila katika kesi hiyo hiyo ikaigawa mali kwa wote wawili kwa sababu wote walikuwa wamechangia.

Shida kubwa ni ushahidi. Mama anauza chapati asubuhi, jioni anampa mwenzake hela ya saruji mkononi. Matofali yanafika, risiti inaandikwa jina la bwana. Hati ya mauziano ya kiwanja ina muhuri wa serikali ya mtaa, mashahidi wawili, na mnunuzi mmoja. Miaka kumi baadaye, mbele ya hakimu, ndugu wa mume wanasema mama huyu alikuwa mgeni tu pale nyumbani. Majirani waliomwita shemeji miaka yote hiyo wanaogopa kuja kusema.

Tunawahimiza wanawake watume hela kwa simu ili ujumbe ubaki, na ni ushauri mzuri, lakini kwa nini mzigo wote uwe wao? Mwenyekiti wa mtaa anayegonga muhuri anaijua ile familia. Anajua mnunuzi anaishi na nani. Kabla hajasaini, amuulize: mwenzako yuko wapi, naye aje aandikwe. Muuzaji mwenye familia mara nyingi huulizwa kama mkewe ameridhia. Mnunuzi naye aulizwe vivyo hivyo, pale pale mezani, wakati wawili hao bado wanapendana na hakuna anayeona aibu kusema "huyu ni mke wangu".