Dereva mpya apewe alama, na anayemfuata apewe wajibu

Kila kijana aliyepata leseni juzi anapoingiza gari mtaroni au kugonga Vespa ya watu, barazani hurudi pendekezo lile lile: dereva mpya asiachiwe hivi hivi, abandike alama kwenye gari kwa mwaka mzima ili wenzake wamjue. Mwanafunzi tunamtambua kwa L yake nyekundu. Siku anayofaulu mtihani L inatoka, na kesho yake yuko Darajani, mjini Unguja, kwenye msongamano, hana mwalimu ubavuni, wala aliye nyuma yake hajui kwamba jana tu alikuwa mwanafunzi. Wapo wanaolitaka jambo hili liwe sheria, na wapo wanaoliona ni kumdhalilisha mtu aliyekwisha kufaulu. Mimi nimo upande wa alama, lakini kwa masharti. Bila ya masharti hayo, wanaoipinga wana haki.

Tuanze na L yenyewe, maana hata hiyo hatujaitumia sawasawa. Ni urithi wa Waingereza. Kwao ilianza 1935, mwaka ambao mtihani wa udereva ulifanywa wa lazima: herufi nyekundu juu ya kibao cheupe cha mraba, milimita 178 kila upande, mbele na nyuma ya gari. Kule lipo sharti jengine ambalo huku tunalipuuza. Gari ikiwa haiendeshwi na mwanafunzi, kibao kiondolewe au kifunikwe, isipokuwa kwa gari za skuli za udereva. Huku kwetu utaona L imebandikwa moja kwa moja. Asubuhi mwanafunzi anapapasa gia ya pili, jioni mwenye gari anaikimbiza hiyo hiyo kwenda harusini, anaovateki daladala mbili kwa mkupuo, L iko nyuma inang'ara. Anayeifuata gari hiyo siku mbili tatu ataacha kuitazama ile herufi. Siku atakapokuwa nyuma ya mwanafunzi wa kweli, kibao hakitamwambia kitu.

Ndiyo maana naipa uzito hoja ya kwanza ya wapinzani: gari za Unguja na Pemba ni za familia. Gari moja anaendesha baba, ami akiihitaji anapewa, kijana anaichukua kwenda sokoni. Tukimbandikia kijana stika, tutakuwa tumembandikia na baba yake mwenye leseni ya miaka thelathini. Kwa hivyo alama iwe ya sumaku, au ya kutundikwa ndani ya kioo, inayotoka pale dereva anapobadilika, na aliyeiacha garini bila ya sababu atozwe kama aliyeendesha bila ya kuiweka. Anayeona hili ni jambo dogo asithubutu kutunga sheria hii.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu sisi wengine. Wanasema alama itamfanya dereva mpya aonewe. Hili nimeliona kwa macho yangu kwenye mzunguko wa Michenzani. Dada mmoja alikuwa anajifunza, mwalimu yupo, L ipo mbele na nyuma. Aliachia klachi haraka, injini ikazima. Daladala iliyokuwa nyuma haikungoja hata sekunde, ilianza honi, na konda akashuka akapiga bodi ya gari kwa kiganja: "Dada, itoe hiyo, tuna abiria!" Yule dada akawasha kwa pupa, ikazima tena. Bodaboda wakaanza kumpita kulia na kushoto. Mwalimu alikuwa anamwambia kwa upole atulie, lakini nani atatulia pale? Kibao kilifanya kazi yake yote ya kutangaza, na kila aliyekisoma alikitumia dhidi yake.

Kwa wanawake hofu hii ni kubwa zaidi. Mwanamke kwenye usukani tayari anatazamwa, na mwenye kutaka kumfuata au kumtania amepata pa kuanzia. Si hofu ya huku tu. Jimbo la New Jersey, Marekani, lilipowalazimisha vijana wenye leseni za majaribio kubandika stika nyekundu kwenye namba za gari mwaka 2010, wazazi walikwenda mahakamani, na moja ya hoja zilizosikika sana ni kwamba stika inamtangazia mtu mwovu kuwa ndani yumo msichana mdogo. Mahakama ya Juu ya jimbo iliibakisha sheria mwaka 2012. Naelewa kwa nini, ila wasiwasi wa wale wazazi haukuwa wa kipuuzi.

Jibu ninaloliamini limo katika sheria ya Japani. Tangu 1972 dereva mpya kule anaweka alama ya rangi ya kijani na manjano, mfano wa jani changa, mbele na nyuma, kwa mwaka wa kwanza wa leseni. Lakini sheria haikuishia kwake. Anayemchomekea mwenye alama ile au kumbana bila ya dharura anaadhibiwa. Yaani alama inamlinda aliyeiweka na inamfunga anayeiona. Hapa ndipo mjadala wetu unapopungukiwa: tunazungumza adhabu ya dereva mpya asiyeweka alama, na hatumtaji yule konda wa Michenzani wala dereva wake.

Wapo wanaotaka tuongeze na kasi maalumu. Ufaransa, dereva mpya mwenye alama ya A nyekundu haruhusiwi kuzidi kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu ambazo wengine wanakwenda 130. Ireland ya Kaskazini walimwekea dereva mpya, ambaye alama yake ni R, kikomo cha maili 45, kama kilomita 72, na malalamiko yamekuwa mengi: gari moja ya polepole inavuta foleni, na walio nyuma wanashikwa na tamaa ya kupita pasipopitika. Nikiifikiria ile barabara ya Chake Chake hadi Wete, kona juu ya kona na vilima kila baada ya muda, kasi maalumu siitaki. Dereva mpya aende kwa kasi ya barabara ilivyo. Afadhali tumzuie kubeba abiria wa kulipa katika mwaka huo wa kwanza, hilo lina maana zaidi.

Kuhusu trafiki, wengi wanahofia kusimamishwa kila kituo kwa sababu alama inawaita. Sheria iseme wazi kwamba alama peke yake si sababu ya kumsimamisha mtu.

Na Zanzibar haina haja ya kungoja Bara katika hili. Barabara zetu zina sheria yake, Sheria Namba 7 ya 2003, na Baraza la Wawakilishi linaweza kuirekebisha.

Nimebakisha kundi ambalo barazani halitajwi: wageni. Mtalii kutoka Italia anaweza kuwa na miaka ishirini ya udereva, lakini yote ni ya upande wa kulia. Anashuka uwanja wa ndege, anakodi gari au skuta, na saa hiyo hiyo yuko njiani kwenda Nungwi au Paje, akikutana na gari ya ng'ombe mbele na watoto wa skuli pembeni, huku mkono wake unatafuta gia mlangoni. Kwa barabara yetu huyu ni mpya kuliko kijana wa Bububu aliyepata leseni wiki iliyopita. Naye ndiye aliye rahisi zaidi kuanza naye, kwa sababu tayari anatakiwa awe na kibali cha muda cha kuendesha hapa, na mara nyingi anayemkodishia gari ndiye anayemshughulikia. Alama itolewe pamoja na kibali, ikabidhiwe na ufunguo, na mwenye gari awe na dhamana ya kuiona iko mahali pake kabla gari haijatoka uani.