Vifaa vya kujitengenezea kwenye shokapu za mbele za pikipiki za zamani: wapi vinafaa, wapi vinaharibu

Ukikaa gereji siku wanafungua shokapu za mbele za pikipiki ya zamani, ubishi huu lazima uje. Wapo wanaosema kifaa cha kujitengenezea ni ubabaishaji, tafuta cha kiwandani au acha kazi, na wapo wanaokwambia fundi wa kweli mpe mpini wa fagio na kipande cha bomba tu atamaliza. Mi nimezifungua za Honda CG125 ya baba mdogo mara tatu, na naona hawa watu wanabishana kuhusu kazi mbili tofauti.

Anza na bolti ya chini. Shokapu nyingi za Kijapani za miaka ya 70 na 80 zina bolti inayoingilia chini kabisa karibu na ekseli, inaenda kushika rodi iliyo ndani ya bomba, sasa ukiifungua kwa spana ya L rodi nayo inazunguka na bolti haitoki ng'o. Kiwanda kinataka uishike rodi kwa juu na kifaa chake kirefu, lakini CG125 imeanza kutoka 1976, hicho kifaa utakipata duka gani leo? Mpini wa fagio wa mti mgumu unauchonga ncha kama penseli, unaushusha ndani ya bomba mpaka ukae kwenye tundu la rodi, unagonga nyundo mara mbili tatu, mwenzako anaukandamiza we unafungua chini, inatoka. Kama kichwa cha rodi kina kona, wengine wanachomelea nati kwenye ncha ya nondo, nayo sawa kabisa. Na mara nyingi hata hivyo huvihitaji, ilegeze ile bolti mapema springi ikiwa bado ndani na kifuniko cha juu kimefungwa, springi yenyewe inaikandamiza rodi. Wengi wanatoa springi kwanza afu ndo wanaanza kuhangaika. Hapa mi niko upande wa mpini wa fagio bila wasiwasi, maana kazi yake ni kushika tu, haugusi sehemu yoyote inayozuia mafuta, ukivunjika umepoteza mti.

Waingereza nao na Triumph na BSA zao za zamani wana mambo hayo hayo, bomba la shokapu juu limechongwa kama koni linakaa kwa kubana, kulivuta lipande mpaka mahali pake kunataka kifaa, na watu wanachukua nati kuukuu ya juu wanachomelea rodi wanavutia nayo. Miaka na miaka inafanya kazi.

Sili sasa, ile pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoke kwenye shokapu, ndo habari nyingine. Hapa wale wa kiwandani wana hoja nzito na inabidi wasikilizwe. Mara ya kwanza nilipigilia sili mpya kwa kipande cha bomba la PVC nilichokata na msumeno kwa macho tu, kimekaa upande, sili ikaingia imelala, na ule ukingo mwembamba wa mpira ukachanika kidogo ambapo sikupaona. Wiki moja mafuta yanashuka hadi chini. Kwenye pikipiki yenye breki ya diski hayo mafuta yakifika kwenye pedi breki ya mbele huna, na breki ya mbele ndo inayokusimamisha, kwa hiyo haya si mambo ya uchafu tu.

Mara ya pili PVC ilikuwa ile ile ila nimeinyoosha mdomo kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, nikaweka sili kuukuu juu ya mpya ili bomba ligonge ile kuukuu, nikafunika ncha ya bomba la shokapu kwa kimfuko cha nailoni kilichopakwa grisi ili mpira usikwaruzwe wakati wa kuvaa. Ile bado haijavuja. Kwa hiyo PVC inaweza, ila kwa mkono wenye subira, na kama unafanya kazi ya wateja nenda kwa fundi wa kukereza akutolee kipande cha alumini kilichonyooka, utakitumia maisha yako yote.

Kisichovumilika kwangu ni paipu renchi kwenye bomba la kromu la shokapu. Nimeona mtu kaibana nayo hivyo hivyo bila hata kitambaa, meno yakaacha alama pale pale sili inapopita. Na bisibisi ya kung'olea sili kuukuu nayo inang'ata ukingo wa alumini ya shokapu pale sili inapokaa, wakati maji ya moto tu ungemwagia nje alumini ingetanuka na sili ikalegea yenyewe.

Kabla hujabishana kuhusu kifaa gani, pitisha kucha kwenye bomba lote taratibu kuanzia juu. Kucha ikinasa kwenye kijishimo cha kutu pale sili inapotembea, hata uwe na kabati zima la vifaa vya Honda, sili mpya itachanika ndani ya mwezi.