Besi Iliyopotea Sebuleni

Siku spika zangu zilipofika nyumbani Tabata, mke wangu aliuliza swali moja tu: "Hilo ndilo friji jipya?" Nikanyamaza. Mtu aliyeuza pikipiki ili anunue spika mbili za mtumba na amplifaya yake hachagui maswali.

CD ya kwanza niliipata Kariakoo. "Og kabisa hii, bosi, nyimbo 120." Ningeshtuka palepale, maana CD ya muziki haifiki mbali zaidi ya dakika 80. Nyimbo 120 ni MP3 zilizobanwa mpaka zimekonda. Halafu kila ubeti ukiisha, DJ anapayuka jina lake. Nikaitupa juu ya kabati.

Nikaanza kusaka CD zilizorekodiwa kwa ustadi. Binamu yangu anayeishi Ufaransa akaniletea moja iliyotengenezwa hukohuko, taarab ya Ikhwani Safaa, kikundi cha Unguja cha tangu 1905. Nikazima taa, nikakaa mkao wa kula. Fidla nazisikia, ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, inamwaga lulu. Besi je? Lile fidla kubwa la kusimama ambalo mpigaji hulikumbatia kama mgomba? Halipo! Na mwimbaji hatulii: mara yuko kwenye pazia, mara nyuma ya kochi.

"Wamerekodi vibaya," nikatoa hukumu, na CD nikampelekea shemeji yangu Mbagala.

Zikafuata za rumba, zikafuata za jazi. Zote hazina besi, zote Mbagala. CD kumi na nne, kila moja na hotuba yake.

"Yaani wote hao wamekosea," mke wangu akasema, "umepatia wewe tu?"

Basi friji la zamani likafa, akaja fundi. Alipolivuta kutoka ukutani akakuta nyuma ya spika, akachungulia, akacheka kidogo.

"Bosi, hizi waya ulifunga mwenyewe?"

"Mwenyewe," nikajibu kwa fahari.

"Huku nyekundu imeingia kwenye nyekundu. Kule nyekundu imeingia kwenye nyeusi."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfariji mfiwa. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, kwa hiyo besi ilikuwa inauana katikati ya sebule. Miezi minane! Akageuza waya kwa bisibisi ya friji, akaomba CD tujaribu. Nyumba nzima ilikuwa imebaki ile ya juu ya kabati. Vikombe vikatetemeka.

Sikusubiri hata friji lipone. Nikadandia daladala hadi Mbagala.

"Shemeji, karibu! Zile CD zako, Mungu akubariki," akanipokea huku akinivuta uani. "Tangu nizitundike, mwewe hajabeba hata kifaranga kimoja."

Zilikuwa zinaning'inia juu ya banda la kuku, kumi na nne zote, zinazunguka na kumeremeta juani. Ikhwani Safaa alikuwa katikati, katobolewa kwa msumari.

Usiku huo nilikaa tena gizani. Sauti ya DJ ilisimama katikati kabisa ya spika mbili, safi, haiyumbi, kiasi kwamba nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kutaja jina lake.