Mifumo isomane, sawa. Daftari anashika nani?

Januari 2006 kampuni za IBM, Microsoft na SAP zilizima UDDI, daftari lao la pamoja ambamo programu zingetafuta huduma za mtandaoni za kuunganishwa nazo, na tangu hapo jina hilo limebaki la kuchekesha. Mtajie fundi wa mifumo aliyekuwa kazini miaka ile, atatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya ujana akiwa amevaa bugaluu. Machi ya mwaka huohuo Amazon ikafungua S3, huduma yake ya kuhifadhi data, na wateja wakaifikia bila kupita kwenye daftari lolote. Hukumu ikasomwa: wafanyabiashara hawatafutani kwa orodha. Wanajuana kwanza, mmoja anampa mwenzake maelezo na ufunguo, mafundi wanaunganisha, kazi inaanza.

Hukumu hiyo naisikia hadi leo kila inapotajwa ile kauli ambayo viongozi wa Tanzania wameirudia mpaka imekuwa kiitikio, kwamba mifumo isomane, yaani mifumo ya taasisi mbalimbali ipashane taarifa yenyewe. Ina ukweli ndani yake, tena mwingi. Ila nadhani ilimkuta mshtakiwa, yaani daftari, na kosa moja ikamfunga kwa makosa yote.

Septemba 2000 Ariba, IBM na Microsoft zilitangaza daftari hilo, lenye kurasa za aina tatu: nyeupe za majina na anwani za kampuni, njano za aina ya biashara, kijani za maelezo ya kiufundi ya namna ya kuunganishwa. Nakala zake zilikaa kwenye seva za waendeshaji kadhaa, ukiandika kwa mmoja linaonekana kwa wote. Matumaini yalikuwa kwamba programu ya kiwanda ingeingia yenyewe, itafute msafirishaji, ilinganishe, ichague, iunganishwe na kuagiza, huku wenye kiwanda wamelala. Lugha ya kupanga mfuatano wa kazi za namna hiyo, BPEL, ilikuja mwaka 2002. Daftari lilipofungwa lilikuwa na maingizo zaidi ya 50,000, na waliolifunga walisema lengo la kuijaribu teknolojia limetimia. Anayetaka kuamini hivyo na aamini.

Wakosoaji wana hoja ambayo sijaona ikijibiwa vizuri. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu anayeikabidhi mashine kazi ya kuchagua mshirika. Vyuo vikuu vimetoa shehena ya makala kuhusu kanuni za kuchagua huduma kwa kupima bei, kasi na muda inaokaa hewani, na kihesabu makala hizo ni safi. Lakini mwenye duka la jumla Kariakoo anayetafuta msafirishaji wa Mwanza haulizi seva ya msafirishaji inajibu kwa milisekunde ngapi. Anauliza mzigo ukipotea nani atalipa. Vilevile, Safaricom ilipofungua Daraja mwaka 2017 ili watengeneza programu wajiunge na M-Pesa wenyewe, hakuna aliyehitaji orodha ya kumwonyesha M-Pesa iko wapi. Hata orodha za kusomwa na watu zimechoka: ProgrammableWeb, katalogi maarufu ya API (milango ambayo programu moja hupitia kuzungumza na nyingine) iliyoanza mwaka 2005, ilifungwa 2023. Mtu akiishia hapa, kesi imekwisha.

Lakini litazame lile daftari lilivyokuwa. Aliyetaka kujiandikisha alijiandikisha. Majina ya majaribio yalikaa jirani na kampuni halisi, anwani zilizokufa zikaendelea kuorodheshwa, na hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuuliza nani amehama. Sisi tunalijua daftari la aina nyingine, la mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe hakuchagulii rafiki wala mchumba. Anajua nani anakaa wapi, anajua nani kahama wiki iliyopita, na barua yake inapokelewa ofisi ya serikali ya mtaa kwa sababu yeye mwenyewe anajulikana huko. UDDI ilikuwa daftari lisilo na mjumbe, halafu likapewa na kazi ya ushenga juu yake.

Swali la nifanye biashara na nani ni la watu, na litabaki la watu. Swali la huyu niliyekwisha kukubaliana naye anapokelea wapi, na anapokea nini, ni la mashine, na mashine bila daftari haiwezi kulijibu. Wakosoaji wa mwaka 2006 walishinda la kwanza, kisha wakaondoka na la pili mfukoni kana kwamba nalo wamelishinda.

Ushahidi uko Ulaya. Peppol ilianza mwaka 2008 kama mradi wa Umoja wa Ulaya wa kurahisisha manunuzi ya umma, na tangu 2012 inasimamiwa na chama kiitwacho OpenPeppol. Muuzaji wa Oslo akitaka kumtumia mteja wa Singapore ankara, programu ya mtoa huduma wake inachukua namba ya utambulisho ya mteja na kuiuliza DNS, mfumo uleule unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. DNS inaielekeza kwenye seva inayotunza taarifa za mteja huyo, nayo inajibu: anapokea ankara za muundo huu, zipeleke kwenye anwani hii. Hakuna aliyepiga simu. Mteja akihamia kwa mtoa huduma mwingine, daftari linarekebishwa na waliokuwa wakimtumia ankara hata hawana habari. Ubelgiji imeamuru kampuni zitumiane ankara za kielektroniki kuanzia Januari 2026, na Peppol ndiyo njia iliyowekwa mbele.

Hiyo ni ndoto ya mwaka 2000 ikiwa imepunguzwa kimo na kupewa mwenye nyumba. Kuingia ndani yake lazima upitie mtoa huduma aliyetia saini mkataba, na anayevunja masharti anaweza kuondolewa. Estonia ilianza mapema zaidi, mwaka 2001, kwa X-Road, mfumo wa taasisi kuulizana data: kuna orodha moja ya wanachama, lakini kila taasisi inaamua yenyewe nani aruhusiwe kuiuliza nini. Daftari ni la wote, ruhusa ni ya mwenye mali.

Sasa niruhusiwe kukaa kidogo kwenye hesabu moja isiyonitoka kichwani. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana Tanzania kwamba mteja wa mmoja aweze kutuma pesa kwenye mkoba wa mwingine, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Walio nje ya nchi waliandika habari hiyo kwa mshangao, na walikuwa na haki. Mashirika yalikaa mezani, yakaandika kanuni, kisha yakaunganishwa wawili wawili. Kampuni nne zikiungana hivyo ni viungo sita, na sita mtu anavimudu. Taasisi zikiwa kumi vinakuwa 45. Ishirini, 190. Tanzania ina benki za biashara zaidi ya thelathini. Ziweke pamoja na kampuni za simu mpaka zifike arobaini, utapata viungo 780.

Na kiungo si waya tu. Ni mkataba uliopita kwa mwanasheria wa pande mbili. Ni njia salama ya mawasiliano kati ya seva na seva, ni wiki za majaribio, ni hela iliyowekwa mapema upande wa pili ili miamala ipate kukatwa humo, ni karani wa kulinganisha hesabu kila asubuhi, ni namba ya mtu wa kuamshwa saa nane usiku mambo yakiharibika. Mmoja akibadilisha toleo la API yake, wengine 39 wana kazi. Zidisha hayo kwa 780, kisha uniambie tena kwamba daftari ni anasa.

Mkosoaji makini atasema 780 ni hesabu ya ubaoni. Katika maisha halisi wachache wakubwa ndio wanaobeba sehemu kubwa ya miamala, na jozi nyingi hazina haja ya kuunganishwa. Ni kweli, na kwa muda mrefu hoja hiyo ilinitosha. Kilichonibadilisha ni kuuliza ni jozi zipi ambazo hazijawahi kuungwa. Ni zile zenye mdogo ndani yake. Benki ndogo ya wananchi, chama cha akiba na mikopo, kampuni changa ya kusafirisha vifurushi. Mkubwa hahitaji kuandikwa popote kwa sababu kila mtu anajua mlango wake. Mdogo ndiye anayepanga foleni kwenye milango ya wakubwa, mlango mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na fomu zake. Kwa hiyo mtu anaposema soko halijahitaji daftari, nataka kujua kwanza anahesabu haja za nani.

Ndiyo maana TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo wa Benki Kuu ya Tanzania, ambako taasisi inaunganishwa mara moja na kuwafikia waliomo wote, naiona kubwa kuliko inavyosimuliwa. GePG nayo, inayotumika tangu 2017, ilifanya hivyo kwa malipo ya serikali: wizara, halmashauri na hospitali upande mmoja, benki na mitandao ya simu upande wa pili, na katikati ile kumbukumbu namba ambayo wengi tunaiita kontro namba. Mlipaji hajui akaunti ya halmashauri iko benki gani, na hana haja ya kujua. Kwa wapenda majina, kuna mfumo huria wa programu za malipo uliotolewa mwaka 2017 kwa ufadhili wa taasisi ya Gates, unaitwa Mojaloop, na neno 'moja' humo ni la Kiswahili. Ndani yake muamala una hatua tatu: kumtafuta mpokeaji, kukubaliana masharti, kuhamisha fedha. Hatua ya kwanza kabisa ni kuuliza daftari.

Tukifika kwenye uratibu, yaani kuzipanga huduma nyingi zikamilishe kazi moja, upinzani unapata nguvu mpya, na hapa sina raha sana na upande wangu mwenyewe. Chukua duka la mtandaoni linalotegemea huduma tano kwa kila oda: malipo, risiti ya kodi, stoo, msafirishaji, ujumbe wa simu. Kila moja ikiwa hewani kwa asilimia 99, jambo ambalo muuzaji yeyote atajisifia, zote tano kwa pamoja zinakuwa hewani kwa asilimia 95 hivi. Siku tatu na ushei za kukwama kwa mwaka zimegeuka siku kumi na nane. Kituo cha katikati, mfano wa TIPS, ni kiungo cha sita katika mnyororo huo. Kikizimika saa moja, wote wamezimika saa hiyo. Wawili waliounganishwa moja kwa moja wangeendelea na biashara yao.

Kuna na ushuru. Anayeshika katikati anaona kila kinachopita, na anaweza kupanga bei ya kupita. Hofu hiyo haiondoki kwa sababu tu kituo ni cha serikali. Wengine watasema ndipo inapoongezeka. Ninachoweza kujibu ni kwamba daftari na njia si kitu kimoja. Peppol haina kituo ambacho ankara zote hupitia: daftari linasema mzigo upelekwe wapi, kisha watoa huduma wawili wanapelekeana wenyewe. X-Road ni hivyo hivyo. Hofu ya haki ni ya njia moja, na mara nyingi inaelekezwa kwa daftari kimakosa.

Lakini na njia ya pamoja ina kitu chake. Kila mtu ameonja muamala uliokatwa huku usifike kule. Ukipiga huduma kwa wateja wa mtumaji unaambiwa pesa imetoka, wa mpokeaji wanasema haijaingia, na wote wawili wanasoma kwa uaminifu kilichoandikwa kwenye mfumo wao. Waliobuni BPEL walilijua tatizo hili, wakaweka utaratibu wa kila hatua kuwa na hatua ya kuitengua: umekata, basi jua namna ya kurudisha. Ufundi ulikuwepo. Kilichokosekana baina ya kampuni mbili ni mahali ambapo safari nzima ya muamala imeandikwa mara moja, na wote wawili wakakubali kwamba hapo ndipo penye kumbukumbu halali. Nikipima saa ya kuzimika kwa wote na wiki ya mteja kuzungushwa baina ya wawili, mizani yangu inaelemea upande wa kituo cha katikati, ingawa si kwa mbali.

Mpakani mizani haisumbui hivyo, kwa sababu upande mmoja una hewa tupu. Kwa risiti za kodi za kielektroniki, Rwanda ina EBM tangu 2013, Uganda ililazimisha EFRIS mwaka 2021, Kenya ikaleta eTIMS 2023, na Tanzania ina mashine zake za risiti pamoja na zile za kimtandao. Kila mfumo unasomana vizuri na mamlaka yake ya mapato. Muuzaji wa Arusha mwenye mteja Nairobi anatoa risiti iliyosajiliwa sekunde ileile Dar es Salaam, kisha anaipiga picha na kuituma kwa WhatsApp, na upande wa pili karani anaketi kuinakili upya, tarakimu kwa tarakimu. Nchi zote nne zina orodha za walipakodi waliohakikiwa, wenye namba, na wanaofutwa wakifunga biashara. Wajumbe wapo wanne, kila mmoja na daftari lake chini ya kwapa, na hakuna aliyemwambia mwenzake nyumba zake zinaanzia namba ngapi.